Chombo cha Kioo Kisicho na Alama: Kijue Kabla ya Kukiuza

Katika nyumba nyingi za Mji wa Kale wa Lamu, kwenye zidaka na makabati, kuna vyombo vya maua vya kioo vilivyorithiwa kutoka kwa mabibi. Vingi havina jina la kiwanda wala mwaka. Mnunuzi anapobisha hodi, mwenye nyumba hana la kumjibu.

Kukosa alama si dosari. Viwanda vingi vya Ulaya havikutia alama kwenye kioo, na vingine vilibandika karatasi tu, ambayo ilibanduka zamani. Umri hutafutwa katika chombo chenyewe.

Kwanza, kipindue. Kovu katikati ya kitako huonyesha mahali fundi alipokitenganisha na fimbo ya chuma, ishara ya kazi ya mkono. Mikwaruzo midogo ya kila upande hutokana na matumizi ya miaka mingi. Ikifuata upande mmoja, huenda ni msasa.

Pili, tafuta mistari ya kiungo ubavuni. Hiyo huachwa na kalibu. Kioo cha kushindiliwa kwa mashine kilienea kuanzia miaka ya 1820, hasa Marekani.

Tatu, kimulike gizani kwa taa ya kukagulia noti bandia. Kikiwaka kijani, huenda kina urani, iliyoanza kutumiwa sana kwenye kioo miaka ya 1830.

Dalili moja haitoshi, kwani mafundi wa leo huiga kazi za zamani. Hata wataalamu, wakilinganisha umbo, rangi na nakshi, mara nyingi hutambua eneo na kipindi, si jina la fundi.

Umri una uzito kisheria. Sheria ya Makumbusho na Turathi za Kitaifa ya 2006 huhesabu kuwa kitu cha kale chochote kinachohamishika, isipokuwa kitabu au hati, kilichotengenezwa au kuingizwa Kenya kabla ya 1895. Hakiruhusiwi kutolewa nchini bila kibali.

Kwa hivyo, muulize bibi leo: nani alikileta, kutoka wapi, katika harusi ya nani? Andika majibu na upige picha. Maelezo hayo yakipotea, hakuna mtaalamu atakayeyasoma kwenye kioo.

Kabla ya kukubali bei yoyote, tafuta ushauri wa maafisa wa Makumbusho ya Lamu.