Utando Mweupe na Muwasho: Tumjue Fangasi wa Kandida

Mwezi huu tunapenda kuzungumza nanyi juu ya ugonjwa ambao wengi wetu huuonea haya, na kwa sababu ya haya hiyo hupoteza fedha nyingi kwa dawa zisizofaa. Ni ugonjwa uletwao na fangasi aitwaye kandida.

Kandida ni wa jamii ya chachu. Ni ndugu wa mbali wa hamira tunayoumulia maandazi, lakini si hamira yenyewe. Huishi mdomoni, tumboni na ukeni mwa watu wengi wenye afya njema, wala hawasumbui. Bakteria wema tulio nao mwilini, pamoja na kinga yetu, humzuia asizidi. Kwa hiyo anapoleta taabu, kabla ya kuuliza ni nani ameniambukiza, tuulize ni kitu gani kimemfungulia njia.

Swali hilo la nani ameniambukiza limevunja amani ya nyumba nyingi. Mama akipata muwasho mkali ukeni na uchafu mweupe mzito kama maziwa mgando, usio na harufu mbaya, baba huanza kumshuku, au mama humshuku baba. Lakini ugonjwa huu hauhesabiwi miongoni mwa magonjwa ya zinaa. Msichana bikira huweza kuupata, mtawa huweza kuupata, na inakadiriwa kwamba wanawake 3 kati ya 4 huupata angalau mara moja maishani. Mume asiye na dalili kwa kawaida hahitaji kutibiwa. Uchafu wa rangi ya manjano au kijani, harufu mbaya, au maumivu chini ya kitovu ni dalili za ugonjwa mwingine. Hapo waende zahanati wote wawili wakapimwe.

Ni nini basi humfungulia njia? Mara nyingi ni antibiotiki. Mtu amekohoa siku mbili tu, anakimbilia duka la dawa na kununua vidonge bila cheti. Vidonge vile huua na bakteria wema, na kandida, ambaye dawa hiyo haimdhuru, hubaki na shamba zima. Mimba nayo humpa nafasi, kadhalika kisukari kisichotunzwa. Wagonjwa wa pumu wanaovuta dawa ya steroidi wasukutue mdomo kwa maji kila baada ya kuvuta na kutema. Akina mama wengine hujiosha ndani kwa sabuni au ndimu, au hujiwekea kitunguu saumu, wakidhani wanatibu. Wanajichubua tu. Maji safi kwa nje yanatosha.

Kwa watoto wachanga dalili ni utando mweupe kwenye ulimi na ndani ya mashavu. Je, ni maziwa au ni ugonjwa? Funga kitambaa safi kwenye kidole ufute polepole. Maziwa hutoka, utando wa kandida hung'ang'ania, na ukilazimishwa pale chini huwa pekundu, pengine hutoa damu. Usiukwangue. Muuguzi atatoa matone ya nistatini, na mtoto aendelee nayo siku 2 baada ya utando kutoweka. Kama chuchu za mama zinauma au zinawasha naye atibiwe, la sivyo watarudishiana. Mama asiache kunyonyesha.

Kwa mtu mzima, utando mdomoni bila sababu inayojulikana ni jambo la kupimwa virusi vya UKIMWI bila kuchelewa. Akisikia na maumivu kifuani anapomeza chakula, fangasi huenda ameshuka kwenye umio. Aende hospitali siku hiyo hiyo, maana dawa ya kupaka haifiki huko. Vivyo hivyo mama anayerudiwa na muwasho mara 3 au zaidi katika mwaka mmoja apimwe sukari na virusi, badala ya kununua tena tyubu ile ile. Mjamzito asimeze vidonge vya flukonazoli kwa ushauri wa jirani. Ziko dawa za kuweka ukeni, kama klotrimazoli, zinazomfaa, naye ataelekezwa kliniki.

Sasa tuje kwa wale wauzao dawa za "fangasi wa damu". Mtu anachoka, tumbo linajaa gesi, kichwa kinauma. Anaambiwa damu yake imejaa fangasi, anauziwa chupa tatu za mitishamba. Kandida kweli huweza kuingia kwenye damu, lakini huyo ni mgonjwa mahututi aliyelazwa, mara nyingi mwenye mpira kwenye mshipa. Hatembei sokoni. Mafundisho ya kwamba chachu ndiyo mzizi wa uchovu na kila maradhi yalienea sana kwa kitabu cha daktari wa Marekani, William Crook, mwaka 1983. Mwaka 1986 chama cha madaktari wa mzio cha huko huko kilitamka kwamba hayakuthibitishwa. Hata kule kutema mate kwenye glasi ya maji na kutazama kama yanazama si kipimo cha chochote. Wala hakuna haja ya kuwanyima watoto mkate: hamira hufa kwa moto wa tanuri. Mwenye uchovu usiokwisha apimwe damu, sukari na kifua kikuu, kwa maana fedha za zile chupa tatu zingeweza kulipia vipimo hivyo.

Neno moja kwa wenye babu na bibi nyumbani. Meno ya bandia yanayolala mdomoni usiku kucha huacha ufizi mwekundu unaochoma, na pembe za midomo hupasuka. Huyu pia ni kandida. Wasaidieni kuyavua kila jioni, kuyasugua kwa brashi na sabuni, na kuyaloweka kwenye maji safi hadi asubuhi.