Kitenzi "Kusafisha" na Visawe Vyake vya Kiingereza

Kitenzi "kusafisha" hakimsumbui msemaji. Ugumu huanza pale mfasiri atakiwapo kukipatia kisawe cha Kiingereza. Mwanafunzi huandika "clean", akapita. Kwa sakafu na dirisha jibu hilo latosha. Lakini mtu atokaye bustani ya Mnazi Mmoja akaingia Kariakoo, akitega sikio, ataona upesi jinsi lilivyo dogo.

Muuza samaki huombwa amsafishie mteja changu. Hapo Kiingereza nacho chasema "clean", ingawa mpishi stadi hutenga "scale" na "gut", kama Kiswahili kitengavyo kupaa na kutumbua. Sonara husafisha dhahabu: akiing'arisha mkufu, neno ni "polish"; akiitenga na takataka zake kwa moto, ni "refine". Siku za filamu, kusafisha picha kulikuwa "develop". Leo msemo umebaki, nayo maana imehamia kwenye "print", wala hapana tena maji wala dawa. Bango la mganga laahidi kusafisha nyota. Mwenye kuandika "clean the star" atachekwa, na kwa haki, kwani nyota hapo ni bahati ya mtu, na kitendo ni "cleanse".

Sababu ya upana huu imo katika asili ya neno. "Safi" latokana na Kiarabu, ambamo maana yake ni kitu kitupu, kisichochanganyika na kingine. Kiambishi cha kusababisha chaongeza tu kwamba kitu kimefanywa kiwe hivyo. Kitenzi chenyewe hakitaji uchafu. Ni yambwa itujulishayo kiondokacho. Kiingereza, kinyume chake, kimegawa kazi hiyo kwa vitenzi vingi, kila kimoja na kitu chake. Kwa hiyo anayetafuta kisawe asiishie kwenye kitenzi. Aulize ni nini kinachoondolewa, na kutoka wapi. (Hata hivyo kila lugha ina njia yake: fedha haramu, ambazo Kiingereza huzipeleka kwa dobi na kusema "launder", Kiswahili hakizifui bali huzitakatisha.)

Hospitalini kosa la kisawe si la kuchekesha. Msemo "kusafisha damu" kinywani mwa muuza mitishamba ni "purify the blood". Katika kliniki ya figo ni tiba ya mashine, na neno lake ni "dialysis". Daktari mgeni akisomewa la kwanza badala ya la pili, hatajua kwamba mgonjwa aliye mbele yake ana figo zilizoshindwa kazi. Mwanamke aliyeharibikiwa na mimba husema, kwa staha, "nilisafishwa", naye aelewa kwamba mabaki ya mimba yalitolewa katika kizazi. Mkalimani akitafsiri "I was cleaned", msikilizaji atadhani ameogeshwa, au kidonda kimeoshwa. Kiingereza cha madaktari hapa chataka "evacuation of the uterus", na staha ya mgonjwa yaweza kulindwa kwa sauti ya mkalimani, si kwa kuficha maana.

Vigumu zaidi ni cheti chenye "alisafishwa" peke yake, bila yambwa. Hapo mfasiri hana la kuchagua. Budi amrudie aliyekiandika, amwulize kilichosafishwa ni nini.