Mkimbizi au Mkimbizwa?

Kila siasa zinapochafuka katika nchi za ukanda huu, magazeti na redio hutuletea habari za "wakimbizi". Neno hili tumelizoea mno hata hatulichunguzi. Limetokana na kitenzi kimbia, nalo humtaja mtenda: yeye ndiye aliyekimbia. Aliyemkimbiza haonekani popote. Kimbiza na kimbizwa ni vitenzi tulivyo navyo tangu jadi. Mbona basi hatusemi mkimbizwa?

Huenda mwalimu akasema hiyo ni michezo ya wanaisimu. La hasha. Matokeo ya uchaguzi wa urais yalipotangazwa tarehe 30 Desemba 2007, nilikuwa Ziwa, karibu na Eldoret, nikikusanya msamiati wa wakulima wa mahindi na ngano. Siku ya tatu nilitia daftari na mashati mawili mkobani nikaondoka alfajiri bila kuaga. Barabara ilikuwa imezibwa kwa mawe na magogo, na katika kila kizuizi niliulizwa swali lile lile: jina lako la pili ni nani? Jina langu lilinipitisha. Nilikuwa msafiri mwenye haraka, basi. Nyumba ya kurudia nilikuwa nayo.

Wenzangu wengi hawakuwa nayo. Siku hiyo hiyo, tarehe 1 Januari 2008, kanisa la Kiambaa lilichomwa moto watu wakiwa wamejihifadhi ndani, wengi wao wanawake na watoto. Uwanja wa maonyesho wa Eldoret ukajaa mahema. (Ajabu ya mji huo: duniani unasifika kwa wakimbiaji.) Wengine walivuka Busia na Malaba wakaingia Uganda, na Kenya, iliyowapokea Waganda zama za Idi Amin na Wasudani kule Kakuma tangu 1992, ikawa nchi ya kukimbiwa. Tume ya Jaji Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa. Waliofurushwa makwao walizidi 350,000. Waliobaki nchini wakabandikwa jina la kifupisho, "maidipii", ambalo halimtaji hata huyo anayekimbia.

Tangu hapo nimesoma insha nyingi za wanafunzi juu ya miezi hiyo. Mahema yamo, njaa imo, mablanketi ya msaada yamo. Lakini tazama vitenzi: ghasia zilizuka, watu walihama, nyumba zilichomeka. Zilichomeka! Kana kwamba moto ulitoka katika nyasi za paa wenyewe. Sidhani kwamba wanafunzi hawa wanaficha jambo. Wameirithi sarufi hiyo kutoka kwetu, sisi tuliozungumza hivyo hivyo mbele yao kwa kuchelea kumtaja jirani.

Baadhi ya waliovuka mpaka walipelekwa Kiryandongo, Uganda, wakakaa huko miaka mingi. Mtoto aliyebebwa mgongoni siku hizo sasa ni mtu mzima, na huenda ameketi katika ukumbi wa mihadhara kama wangu. Kwa hiyo ninaposahihisha, kila "zilichomeka" naipigia mstari mwekundu, kisha pembeni naandika: zilichomwa na nani?