Tulishangilia Nini?

Mvumilivu hula mbivu. Usiku wa Juni 27, 2019, nami niliionja mkahawani. Harambee Stars, waliokosa Kombe la Mataifa ya Afrika tangu 2004, walitanguliwa mara mbili na jirani zetu Watanzania kule Cairo. Wakasawazisha mara mbili, kisha Michael Olunga akatia bao la ushindi: 3-2. Nilimkumbatia mtu nisiyemjua.

Siku 4 baadaye Senegal walitucharaza 3-0, tukafunga virago. Mwanafunzi wangu akaniuliza, “Mwalimu, tulishangilia nini basi?”

Walimu wenzangu, swali hilo si la mzaha. Tukimfunza mtoto kuwa vigelegele ni vya bingwa pekee, nani atamshangilia aangukaye mara mbili akainuka?