Foleni inavyoua betri

Barabara ya Busia kwenda Malaba, ile inayopita Adungosi, imezoea malori yasiyosonga. Mwaka 2020, wakati madereva wakipimwa korona mpakani, foleni ya Malaba ilifika makumi ya kilomita. Katika foleni kama ile injini huzimwa, lakini redio, taa na chaja za simu huendelea kula. Zamu ya kusogea inapofika, stata inagugumia mara moja na kunyamaza.

Hapo husemwa umeme umeisha. Kumbe umeme haukuwa umehifadhiwa mle ndani.

Ndani ya betri ya gari mna mabamba ya risasi, mabamba ya oksidi ya risasi, na asidi ya salfuriki iliyozimuliwa kwa maji. Risasi ikishambuliwa na asidi huachia elektroni. Kwa kuwa haziwezi kukatiza ndani ya asidi, hulazimika kupita kwenye waya ili zifike bamba la pili. Safari hiyo ndiyo inayowasha taa na kuzungusha stata. Kila seli hutoa takriban volti 2, na seli 6 hufanya volti 12. Lori kubwa hufungiwa betri mbili mfululizo, zikawa 24.

Kadiri betri inavyotumika, mabamba yote hugeuka salfeti ya risasi na asidi hubaki majimaji. Injini ikiwaka, alteneta husukuma mkondo kinyume, mabamba yakarudia hali yake. Mfaransa Gaston Planté alibuni betri ya aina hii, ya kwanza kuchajika upya, mwaka 1859.

Hatari ya foleni ni kule kukaa tupu. Salfeti ikiachwa siku nyingi huwa fuwele ngumu ambazo chaji haiziyeyushi, na betri haishiki chaji tena. Kuongeza asidi hakuifufui. Kinachopotea kwa kawaida wakati wa kuchaji ni maji, ndiyo sababu hujaziwa maji safi ya betri.

Betri iliyokufa bado ina bei, kwani risasi yake huyeyushwa ikatengenezewa nyingine. Kazi hiyo ikifanywa ovyo huua watu. Mtaani Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwasambazia wakazi sumu ya risasi. Mwaka 2020 mahakama ya mazingira iliwapa fidia ya shilingi bilioni 1.3, Mahakama ya Rufani ikaitengua, hadi Mahakama ya Juu ilipoirejesha Desemba 2024.