Injini ya Boti Barabarani

Mtu aliyekulia pwani huijua sauti ya boti kabla hajaiona boti yenyewe. Kwa hiyo nilishangaa asubuhi moja kisiwani Pemba, nilipokuwa nimesimama kando ya njia katikati ya mikarafuu, mbali na bahari kwa mwendo wa saa nzima kwa miguu, nikasikia boti inakuja. Haikuwa boti. Ilikuwa pikapu ndogo ya Kijapani, rangi yake imekwisha kuliwa na chumvi, imepakia masanduku ya samaki na barafu, na juu ya masanduku wamekaa watu wanne. Ilikipanda kilima taratibu bila ya kubadili gia, mfano wa punda anayeijua njia ya kwao.

Mwenye gari ni mvuvi, mtu mzima, na alinipakia mbele. Njiani alinisimulia kisa chake. Injini ya petroli iliyokuja na gari ilikufa, na nyengine ya namna ile haikupatikana ila kwa kuagizwa ng'ambo, kwa bei iliyoikaribia bei ya gari yenyewe. Nyumbani kwake, chini ya mwembe, ilikuwapo injini ya dizeli ya silinda tatu iliyovuliwa katika boti iliyopasuka juu ya mwamba. Gari nzima, injini imekufa. Boti imekufa, injini nzima. "Sasa, sheikh," aliniuliza, "wewe ungelifanya nini?"

Suali lile ningependa kulijibu leo mbele ya wasomaji na mbele ya wakuu wanaohusika na gari na barabara, kwani sidhani kuwa mzee yule ni wa pekee katika visiwa hivi.

Yafaa kwanza tuielewe injini yenyewe. Dizeli ya kwanza iliyofanya kazi sawasawa ilijaribiwa mwaka 1897 mjini Augsburg, Ujerumani, na mhandisi Rudolf Diesel, ambaye jina lake tunalitamka kila siku kwenye vituo vya mafuta pasi na kumkumbuka mwenyewe. Ndani yake hamna plagi ya kutoa cheche. Pistoni huibana hewa mpaka nafasi yake ikapungua mara 16, na pengine zaidi ya mara 20, na kwa kubanwa huko tu hewa hupata joto la kupita digrii 500. Hapo nozeli hunyunyiza mafuta nayo yakawaka yenyewe. Kwa sababu hiyo dizeli hula kidogo kuliko petroli. Aghalabu lita tatu za dizeli hufanya kazi ya lita nne za petroli, jambo ambalo lina maana hata pale bei za mafuta hayo mawili zinapolingana. Tena nguvu zake huja mapema, injini ikiwa bado inazunguka polepole, na ndiyo siri ya kile kilima kupandwa kwa gia moja.

Wapo wanaocheka kuwa injini ya boti haikimbii. Ni kweli, haikimbii. Nyingi hufanyishwa kazi katika mizunguko 2,400 hadi 3,000 kwa dakika, ilhali injini ya petroli ya pikapu ndogo huweza kupita 5,000. Lakini na tufanye hesabu. Ikiwa difu ya gari inapunguza mizunguko mara nne, na tairi lina mzingo wa mita 1.9, basi katika gia ya nne, ambayo katika gari nyingi za aina hii hupita moja kwa moja, mizunguko 2,400 ya injini ni mizunguko 600 ya tairi. Hiyo ni mita 1,140 kwa dakika, yaani kilomita 68 kwa saa. Injini ikifika 3,000, gari itakwenda kilomita 85. Katika njia zenye kona na watoto wa skuli, simwoni anayehitaji zaidi ya hapo.

Ufundi wa kuiingiza injini ndani ya gari si mdogo, na fundi aliyeifanya kazi ile, asiyepata kukaa darasani, anastahili sifa. Matundu ya bolti ya injini ya boti na yale ya giaboksi ya gari hayakupata kuonana tangu yalipotobolewa. Ilimlazimu akate bamba la chuma nene, upande mmoja likubali injini na upande wa pili likubali giaboksi, na kati yake shafti ipite katikati hasa. Pakipishana hata sehemu ya kumi ya milimita, beringi huanza kulia na klachi kuliwa upande mmoja. Bamba lile lilichongwa kwa kerezo, likapimwa na kurejeshwa mara tatu. Kisha ikaja kazi ya maji. Boti hupozwa kwa maji ya bahari, na gari haina bahari. Hapana budi itiwe rejeta, feni na mkanda wake. Bomba la moshi nalo, ambalo katika boti hupoozwa kwa maji yanayomiminwa ndani yake, garini hubaki kavu na kuwaka kama kaa, kwa hiyo halifai kupita karibu na mpira wa mafuta. Springi za mbele ziliongezwa jani moja, maana chuma cha boti ni kizito.

Haya yote fundi aliyajua au aliyabuni. Moja hakulijua, nalo lilikaribia kumwua mteja wake.

Siku ya pili baada ya gari kutoka gereji, mzee yule aliteremka nayo kuelekea bandarini akiwa na shehena. Alipokanyaga breki, aliniambia, alihisi kama amekanyaga jiwe. Breki hazikufa, ziligeuka nzito, hata mguu wa mtu mmoja ukawa hautoshi. Aliyapita masanduku ya mchuuzi mmoja na mtoto aliyekuwa ameshika ndoo, akaielekeza gari kwenye ukingo wa udongo, ikasimama hapo. Mtoto alisalimika. Mzee alinyamaza kidogo alipofika hapa, nami sikumhimiza.

Sababu yake ni nyepesi kueleza, na ningeomba kila mwenye gereji aisome. Katika gari ya petroli, dereva anapoondoa mguu kwenye mafuta, kijilango cha hewa katika kabureta hufunga, na pistoni zinazoendelea kuvuta hufanya mvuto mkali katika njia ya hewa. Mpira mmoja huuchukua mvuto huo hadi kwenye busta, lile bakuli kubwa la chuma lililo nyuma ya pampu ya breki, na mvuto ndio unaousaidia mguu. Dizeli ya namna ile haina kijilango. Hewa huingia wakati wote bila ya kizuizi, na kinachopunguzwa au kuongezwa ni mafuta tu. Basi mvuto hamna. Busta lipo, mpira umefungwa vizuri, kila kitu chaonekana kimekamilika, na ndani yake ni hewa ya kawaida isiyosaidia chochote. Zaidi ya hayo, kwa kukosa kizuizi hicho, injini yenyewe haizuii gari kwenye mteremko kwa kiasi kilichozoeleka kwa petroli. Dereva hupungukiwa mara mbili kwa wakati mmoja.

Dawa yake haikuwa ghali. Dizeli nyingi za Kijapani zilizoundiwa gari ndogo zina altaneta yenye pampu ndogo ya mvuto mgongoni mwake, na altaneta kama hiyo ilipatikana katika gari mbovu iliyotupwa. Ilifungwa, ikaletewa oili ya kuilainisha, na breki zikarudi. Nami niliziona zikishika, gari ikiwa na watu wanne nyuma, katika mteremko ule ule.

Kuna na jambo la kuizima. Injini ya petroli hufa ukikata umeme. Dizeli yenye pampu ya kizamani haijali umeme. Huzimwa kwa waya unaofunga mafuta. Katika boti waya huo huwa karibu na mkono wa nahodha. Fundi asipoufikisha mbele ya dereva, siku ya ajali injini itaendelea kunguruma juu ya majeruhi.

Sasa nawageukia wakuu. Mzee yule anayo kadi ya gari, na kadi inasema petroli. Nambari ya injini iliyoandikwa humo ni ya chuma kilichokwisha kuuzwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Alikwenda katika ofisi moja kutaka kadi irekebishwe. Aliambiwa alete karatasi za injini za kuonesha kuwa ni ya gari. Karatasi alizonazo ni za boti. Akarudi nyumbani, na tangu siku hiyo hupita asubuhi sana, kabla askari hawajatoka. Bima anailipia, lakini ikitokea ajali, bima ile ni ya gari isiyokuwapo, na wale wanne wa nyuma hawalijui hilo.

Wengine wamekwisha kukutana na jambo hili. Huko India kaskazini, wanakijiji walifunga injini za pampu za kumwagilia mashamba katika magari ya mbao na chuma yaitwayo jugaad, yakachukua mizigo na abiria miaka mingi nje ya sheria, mpaka kesi za fidia za ajali zikafika Mahkama Kuu ya nchi, nayo mwaka 2013 ikaamua kuwa hivyo ni vyombo vya moto kama vyengine na sharti vifuate sheria. Kwa watu waliokuwa wamekwisha kuumia, uamuzi ulichelewa. Nchini Uingereza, kwa miaka mingi, gari iliyobadilishwa ilipimwa kwa alama: chesisi ya asili alama 5, springi, ekseli, giaboksi na usukani alama 2 kila kimoja, injini alama 1 tu. Gari iliyobakiza chesisi yake na kufikisha alama 8 iliendelea na usajili wake, madhali mwenyewe ametoa habari ya mabadiliko. Kwa kipimo hicho pikapu ya mzee wetu ingelizipita alama 8.

Siombi kila chuma kiruhusiwe barabarani. Naomba fomu iwe na nafasi ya injini iliyobadilishwa, pamoja na asili yake hata ikiwa ni boti, na mkaguzi aikague gari kwa mkono wake. Kipimo cha lile lililokaribia kumwua mtoto hakihitaji mashine wala fedha za kigeni. Injini ikiwa inazunguka, mkaguzi akanyage breki mara tano mfululizo. Kanyagio likigeuka gumu mara ya tatu, gari irudi gereji. Likibaki laini, na waya wa kuzimia ukiwa mbele ya dereva, aandike dizeli kwenye kadi na atie muhuri.

Tulifika sokoni kabla ya saa mbili. Watu wa barafu walimzunguka mzee, nami nikashuka. Hakuizima injini, kwani betri yake ilikuwa imechoka, akaiacha ikipiga kama boti iliyofunga gatini, huku akitazama mara kwa mara upande wa barabara kuu.