Chemba ya Moyo, Mishipa ya Ubongo na Shilingi 100 kwa Siku: Hesabu ya Wazee wa Geita na Shinyanga

Bibi wa miaka 70 analala kwa ubavu wa kushoto. Mpimaji anampaka jeli ya baridi kifuani, anaelekeza kifaa cha ECHO, kipimo cha moyo cha mawimbi ya sauti, katikati ya mbavu, na kwenye skrini moyo unaonekana ukifunga na kufungua. Anavuta mstari mmoja kukatiza chemba ya juu ya kushoto, na mstari huo unampa namba. Kama bibi ana kimo cha sentimita 150 na uzito wa kilo 48, eneo la mwili wake ni mita za mraba 1.41. Watafiti wa jaribio la ARCADIA, lililofanyika Marekani na Kanada, waliweka mpaka wa sentimita 3 kwa kila mita ya mraba. Mpaka wa bibi huyu basi ni sentimita 4.2. Ukifika hapo, chemba inahesabiwa kuwa imepanuka.

Chemba hiyo, atiria ya kushoto, hupokea damu kutoka mapafuni na kuipitisha chemba ya chini, ambayo huisukuma mwilini. Presha ikikaa juu kwa miaka, chemba ya chini hukakamaa na kuta zake kunenepa. Ile ya juu inalazimika kusukuma damu kwenye chemba hiyo ngumu, hivyo inatanuka, inapata makovu, na damu huanza kuzubaa ndani yake. Damu inayozubaa hufanya mabonge, na bonge likisafiri hadi kichwani huziba mshipa. Hicho ni kiharusi cha aina moja. Lakini presha hiyohiyo, bila kupitia moyoni, huikakamaza mishipa midogo iliyo ndani kabisa ya ubongo, na mzee hupoteza kumbukumbu na uimara wa mwendo kidogokidogo. Kwa hiyo tukikuta chemba iliyopanuka na ubongo ulioumia kwa mtu mmoja, bado hatujajua kama moyo ndio ulioumiza ubongo, au vyote viwili vimeumizwa na kitu kimoja.

Utafiti wa ARIC wa Marekani unatoa namba za kuanzia. Kati ya wazee 5,078 waliopimwa, wastani wa umri miaka 75, asilimia 34 walikuwa na kasoro ya atiria, ambayo kupanuka ni dalili yake moja. Baadaye wazee 763 walipata dimenshia, yaani upotevu wa kumbukumbu na akili unaomzuia mtu kujitegemea. Wenye kasoro ya atiria walikuwa na hatari kubwa zaidi kwa asilimia 35, na tofauti ilibaki hata baada ya watafiti kuzingatia kiharusi na mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio.

Asilimia 35 inatisha ikisomwa peke yake. Tuigeuze iwe watu. Wazee 763 kati ya 5,078 ni asilimia 15. Ukigawa asilimia hiyo kati ya makundi mawili kwa uwiano uliotajwa, katika kila wazee 100 wenye atiria nzima wapatao 13 walipata dimenshia, na katika kila 100 wenye kasoro, wapatao 18. Tofauti ni watu watano katika mia. Si ndogo, lakini 82 kati ya kila 100 wenye kasoro hawakupata.

Sasa tuje kwetu. Sensa ya 2022 iliwahesabu watu 2,977,608 mkoa wa Geita na 2,241,299 mkoa wa Shinyanga, jumla 5,218,907. Sensa ya 2012 ilionyesha wazee wa miaka 60 na kuendelea kuwa asilimia 5.6 ya Watanzania wote. Kanda ya Ziwa ina kaya kubwa zenye watoto wengi, na machimbo huvuta vijana, kwa hiyo nashusha hadi asilimia 4: wazee 209,000. Anayependa 5.6 atapata 292,000. Hesabu zote zinazofuata zinabeba dhana hiyo ya asilimia 4, na msomaji ana haki ya kuibadilisha.

Ukichukua asilimia 34 ya Marekani na kuizidisha kwa wazee hao unapata watu 71,000 wenye kasoro ya atiria. Siiamini namba hiyo. Wale wa ARIC walikuwa na wastani wa miaka 75. Wetu wanaanzia 60, na wengi wako karibu na 60 kuliko 75. Pia wao walifika uzeeni wakiwa na miongo ya dawa za presha nyuma yao, wakati wa kwetu wengi hawajawahi kufungwa mkanda wa kipimo. Sababu ya kwanza inashusha namba, ya pili inaipandisha.

Kwa kiharusi tuna kipimo cha nyumbani. Kati ya Juni 2003 na Juni 2006, watafiti walifuatilia watu 159,814 wilayani Hai na 56,517 Dar es Salaam. Walikuta viharusi 453 Hai na 183 Dar es Salaam, yaani 94.5 na 107.9 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka. Waliposawazisha umri, kwa sababu Dar es Salaam ina vijana wengi, viwango vikawa 108.6 na 315.9. Kwa watu wa umri mmoja, mjini palizidi kijijini karibu mara tatu.

Geita na Shinyanga ziwekwe upande gani? Kijiji cha Hai chenye migomba hakifanani na Katoro au Kahama, ambako mtu hulala jirani na karasha la kusaga mawe ya dhahabu, hula chipsi barabarani na hununua maji kwa dumu. Tukitumia kiwango ghafi cha Hai kwa mikoa miwili tunapata viharusi 4,932 kwa mwaka. Lakini Hai ina wazee wengi kuliko Geita, kwa hiyo hiyo ni ya juu mno. Nakata nusu: 2,466 kwa mwaka, karibu watu saba kila siku. Si wote wana miaka 60 na kuendelea, ila wengi wao ni watu wazima.

Saba kwa siku wanatokana na nini? Utafiti wa INTERSTROKE wa nchi 32, uliochapishwa 2016, ulikadiria kwamba asilimia 47.9 ya hatari ya kiharusi inatokana na presha, na asilimia 9.1 na magonjwa ya moyo. Kwa viharusi 2,466 hiyo ni 1,181 dhidi ya 224. Makadirio ya namna hii huchukulia kwamba presha ingeondolewa yote kwa watu wote, jambo ambalo hakuna zahanati inayoweza kulifanya. Kama uwiano, hata hivyo, yanafaa: tano kwa moja.

Kasoro ya atiria inayojulikana zaidi ni mtetemo wake, pale chemba inapotapatapa badala ya kupiga. Mwenye nao ana hatari ya kiharusi mara tano ya asiye nao. Wilayani Hai, kati ya wazee 2,232 wa miaka 70 na kuendelea, walikutwa 15 tu, asilimia 0.67. Wazee wa kundi hilo wenye presha walikuwa karibu asilimia 70. Kuna wanaosoma 0.67 kama habari njema. Mimi naisoma kwa tahadhari: ECG moja, kipimo cha umeme wa moyo, humnasa tu yule ambaye moyo wake unatetema dakika ile, na mgonjwa asiyetibiwa huenda alifariki kabla ya kutimiza 70. Kikundi kidogo cha walio hai hakithibitishi kwamba ugonjwa ni mchache.

Tuingie kwenye shilingi. Bei ninazoweka hapa ni za mfano, za kufanyia hesabu, na kila hospitali ina zake. Tuseme ECHO moja ni shilingi 60,000. Kuwapima wazee 209,000 mara moja ni shilingi bilioni 12.5. Fedha si kikwazo pekee. Mpimaji akifanya vipimo 12 kwa siku kwa siku 250, anamaliza 3,000 kwa mwaka. Wapimaji wanne katika mikoa hii miwili wangehitaji miaka 17, na bibi yetu wa 70 angekuwa na 87 akifikiwa mwisho.

Na akishapimwa, apewe nini? ARCADIA iliuliza swali hilohilo. Watu 1,015 waliokwisha kupata kiharusi kisichojulikana chanzo, wote wakiwa na dalili za kasoro ya atiria bila mtetemo, waligawanywa: nusu dawa ya kuzuia mabonge, apixaban, nusu aspirini. Matokeo yaliyochapishwa 2024 yalikuwa viharusi vipya kwa asilimia 4.4 kwa mwaka kila upande, watu 40 na 40. Jaribio lilisimamishwa kabla ya muda kwa kuwa halikuonyesha faida. Kwa asiye na mtetemo, namba ya sentimita 4.2 haikubadilisha dawa iliyo bora. Ndiyo maana sioni hoja ya kuanza na bilioni 12.5.

Dawa ya presha ni hesabu nyingine. Tuchukulie nusu ya wazee, 104,500, wanaihitaji, na kidonge ni shilingi 100. Kwa mwaka ni 36,500 kwa mtu, na bilioni 3.8 kwa wote. Wengi huhitaji vidonge vya aina mbili, na hapo inafika bilioni 7.6. Kushusha namba ya juu ya presha kwa vipimo 10 (mmHg) hupunguza viharusi kwa asilimia 27, kwa mujibu wa majumuisho ya majaribio yaliyochapishwa 2016. Tukidhani theluthi mbili ya viharusi 2,466 viko kwenye kundi hili, vinavyozuiwa ni 444 kwa mwaka. Bilioni 3.8 kwa 444 ni shilingi milioni 8.6 kwa kila kiharusi kilichozuiwa, kabla ya kulipa muuguzi na nauli. Kwa vidonge viwili, gharama ya kila kiharusi kilichozuiwa inazidi milioni 17, isipokuwa presha ishuke zaidi ya vipimo 10.

Linganisha na kumpiga kila mzee ECG ya shilingi 15,000. Jumla ni bilioni 3.1. Kwa kiwango cha Hai tungepata wenye mtetemo 1,400. Kama asilimia 5 yao wangepata kiharusi kila mwaka ni 70, na wafarini, dawa ya kuzuia mabonge inayopunguza viharusi kwa asilimia 64, ingezuia 45. Ukisambaza gharama ya ECG kwa miaka mitano, kila kiharusi kilichozuiwa ni milioni 13.9, na bado hujanunua wafarini wala kulipia kipimo cha damu kinachoambatana nayo.

Nani alipe? CHF iliyoboreshwa, yaani mfuko wa afya ya jamii, iliweka mchango wa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu sita, yaani 5,000 kwa kichwa. Kidonge cha mzee mmoja, 36,500, kinazidi mchango wa kaya nzima kwa 6,500. Sera ya Afya ya 2007 inawapa wazee wasio na uwezo matibabu bila malipo, na dirisha la wazee lipo. Ila dawa ikiwa imeisha, mzee huandikiwa akanunue dukani, na shilingi 100 zinatoka kwenye fundo la kanga yake.

Upande wa Geita kuna fungu lingine. Mgodi wa dhahabu wa GGML umekuwa ukitangaza shilingi bilioni 9.2 kwa mwaka kwa miradi ya jamii. Wazee wa mkoa wa Geita wanaohitaji dawa, kwa dhana zilezile, ni 59,500, na kidonge chao kimoja kwa siku ni bilioni 2.2, asilimia 24 ya fungu hilo. Fedha hizo hupangwa na halmashauri zilizo jirani na mgodi, si mkoa mzima, na hujenga madarasa, zahanati na barabara. Darasa likishajengwa limejengwa. Kidonge kinarudi kudai kila asubuhi. Fungu hilo haliihusu Shinyanga, na Buzwagi, mgodi wa Kahama, ulifungwa 2021.

Na kiharusi kikishatokea, kuna hesabu ya njia: Daraja la Kigongo–Busisi, kilomita 3, lilifunguliwa Juni 2025 na limeondoa foleni ya kivuko kati ya Geita na Hospitali ya Bugando, Mwanza. Kwa mgonjwa wa kiharusi, ambaye dawa ya kuyeyusha bonge hupewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze, baada ya CT scan kuonyesha kwamba ubongo hauvuji damu, saa moja iliyookolewa ni kubwa. Ila saa hizo nne na nusu huanza kuhesabiwa pale mdomo ulipopinda, na familia inayokwenda kwanza kwa mganga imeshazitumia.

Kuna kipimo ambacho sijakiwekea bei. Vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, dakika moja, kuhisi kama mapigo yanafuatana au yanarukaruka. Wazee 209,000 kwa dakika moja kila mmoja ni saa 3,483. Muuguzi mmoja akifanya saa sita kwa siku angetumia siku 580. Wauguzi 58 wangemaliza kwa siku 10, na kwenye mkono wa pili wa mzee huyohuyo wangekuwa wanafunga mkanda wa presha.